Sifa Zake Mnung'unikaji wa Kamera

Mashujaa wameshasifiwa, wanazuoni wameshasifiwa, hata mabingwa wa soka wana nyimbo zao. Leo namsifu mtu ambaye mkewe mwenyewe hajapata kumsifu: mpiga picha anayeiponda kamera mpya saa ile ile inapotangazwa, kabla haijafika dukani, kabla yeye hajaigusa, na wala hajui kama atakuja kuigusa.

Tuchukue tarehe 23 Agosti 2018. Siku hiyo kampuni ya Nikon ya Japani ilitangaza Z7, mojawapo ya kamera zake mbili za kwanza za fremu kamili zisizo na kile kioo cha ndani kinachoruka kila unapobofya. Megapikseli 45.7. Mdomo wa lenzi wenye kipenyo cha milimita 55. Ndani yake, mtambo wa kutuliza picha mkono unapotetemeka. Bei yake Marekani ilikuwa dola 3,400 hivi, lenzi mbali. Mnung'unikaji wetu aliteremka na kidole kwenye orodha ya sifa hizo, akazipita megapikseli, akaupita mdomo wa lenzi, akatua kwenye mstari mmoja tu. Tundu la kadi ni moja! Na kadi yenyewe ni XQD, ghali, yenye watengenezaji wa kuhesabika, ambayo ukiikosa mjini huna jirani wa kukuazima.

Hakuishia hapo. Kwa kipimo rasmi cha chama cha watengenezaji kamera wa Japani, betri ya Z7 ilipewa picha 330 kwa chaji moja. D850 ya kampuni hiyo hiyo, yenye kioo, ilipewa 1,840. Kipimo hicho ni kikali, na kazini betri ile ile hufika mbali zaidi. Lakini mnung'unikaji hana haja na mambo ya kazini. Yeye ni mtu wa orodha.

Wasiomjua humwita mkorofi. Mimi nawauliza: nani mwingine angetetea harusi? Mpiga picha wa harusi mwenye matundu mawili huandika kila picha mara mbili, kadi hii na kadi ile. Mwenye tundu moja, kadi ikifa usiku ule, atamwambia nini shehe? Arudie kufungisha ndoa? Na bibi harusi alie upya, machozi yale yale, upande ule ule wa shavu?

Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa fikiria mgema wa Tokyo angekuwa amezungukwa na wanywaji wa kushangilia tu. Bahati nzuri yupo bwana mmoja pembeni, amekunja uso, ananusa kata kabla ya kuonja, na mara nyingi haonji kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2020 Nikon ilitangaza Z7 II. Megapikseli zile zile 45.7, bei imeshuka hadi dola 3,000 hivi, na ubavuni, matundu mawili ya kadi. Mnung'unikaji alishukuru? Hakushukuru. Alisema matundu hayafanani, moja la XQD na CFexpress, jingine la SD, kwa hiyo kadi ya polepole itaichelewesha ya haraka. Akauliza pia kwa nini megapikseli hazikuongezwa.

Kwenye hili la megapikseli ndipo kipaji chake kinapong'aa. Sony ilipotangaza A7R IV yenye megapikseli 61, Julai 2019, alishika kichwa: nani kaomba zote hizo? Faili moja ghafi lisilobanwa ni yapata megabaiti 120. Kompyuta itakufa, diski itajaa. Oktoba 2022 ikaja A7R V, ikiwa na megapikseli 61 zile zile. Akashika kichwa tena: miaka mitatu, hata moja hamkuongeza? Wenye mantiki watasema anajipinga. Hajipingi hata kidogo. Msimamo wake ni mmoja na haujawahi kuyumba: kilichotangazwa sicho.

Nimewahi kumwona akiwa kazini. Ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake picha ya mfano iliyotolewa na kampuni, mnara wa kanisa fulani la Ulaya. Anaipanua kwa vidole viwili mpaka mnara umepotea, anga limepotea, kimebaki kipembe cha chini kushoto chenye matofali mawili. "Unaona?" ananiambia. "Haiko shapu." Mimi naona matofali.

Kuna siku, lakini, hata mzaha unamkubali. Tarehe 9 Julai 2020 Canon ilitangaza R5, megapikseli 45 na video ya 8K. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba kwenye nyuzijoto 23 ingerekodi 8K kwa dakika 20 hivi, kisha joto liizuie. Dunia nzima ikalia, wakiwemo watu ambao video yao ndefu kuliko zote ni ya mtoto akikata keki. Ila mnung'unikaji wa Dar es Salaam alikuwa na haki kuliko wa London. Nyuzijoto 23 sisi tunazipata usiku wa Julai, au ndani ya benki. Na kelele zikafika: tarehe 27 Agosti mwaka huo huo Canon ikatoa programu mpya ya kamera hiyo, yenye udhibiti bora wa joto.

Fadhila yake ya mwisho ni ya mfukoni. Kila kamera mpya inapotangazwa, ya jana inakuwa mbovu ghafla machoni pa mwenyewe, na mkono unaanza kuizunguka pesa ya ada. Hapo ndipo anapoingia yeye na matofali yake mawili, na ada inalipwa.

Kwa hiyo ukimkuta kijiweni, mnunulie kahawa na umsikilize mpaka mwisho. Usimkatize, usimbishie kuhusu matundu ya kadi. Ila tafadhali, usimuulize mwaka huu amepiga picha gani.