Hatimaye Mmempata wa Kumfunga

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA KUWAHIFADHI WATOTO WENYE UALBINO

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza uniwie radhi kwa kutoitaja wizara. Nilitaka kuandika jina kamili juu ya bahasha nikakwama. Masuala ya watu wenye ulemavu nimezoea kuyasikia Ofisi ya Waziri Mkuu. Shule wanakolala watoto hawa ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo TAMISEMI. Losheni ya kukinga jua ni Afya. Afisa ustawi wa jamii ana wakubwa wawili watatu, inategemea unamuuliza siku gani. Usafirishaji haramu wa binadamu una sekretarieti yake Mambo ya Ndani, na mganga wa kienyeji husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo linaturudisha Afya. Nikaona salama zaidi kuandika "mwenye dhamana", kila ofisi ijue haijatajwa.

Sasa pongezi. Tangu mauaji yalipoitikisa Kanda ya Ziwa mwaka 2007 na 2008, ndugu zetu wenye ualbino zaidi ya 70 wameuawa nchini, na wengine wamekatwa viungo wakiwa hai ili vikauzwe kwa ajili ya dawa ya utajiri. Taifa zima likawa linauliza: nani atafungwa? Serikali haikutuweka roho juu muda mrefu. Akafungwa mtoto.

Buhangija pale Shinyanga, Mitindo kule Misungwi, Kabanga kule Kasulu: shule zilizokuwa za watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine zikafungua mageti. Watoto wakaletwa na polisi, wakaletwa na mama zao usiku, wengine wadogo kiasi cha kutofaa hata darasa la awali. Nakiri bila kejeli kwamba kwa wiki zile ilikuwa hatua sahihi. Panga likiwa mlangoni huiti kwanza semina ya wadau. Tatizo ni kwamba dharura ile iliandikishwa darasa la kwanza, ikafanya mtihani wa darasa la saba, na mahali pengine ikaendelea na sekondari. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, inayosema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake. Hongereni pia kwa sheria hiyo. Ni nzuri sana, na nina hakika nakala yake ikitafutwa itapatikana shuleni Buhangija, labda kabatini kwa mwalimu mkuu.

Mheshimiwa, mfungwa wa gereza la Butimba anaijua siku aliyoingia na siku atakayotoka. Akiwa na mwenendo mzuri anapunguziwa theluthi ya kifungo. Ikikaribia tarehe 9 Desemba hutega sikio redioni, maana Rais ana kawaida ya kusamehe. Mtoto wa bwenini hana hata kimoja kati ya hivyo. Likizo inafika, wenzake wanafunga masanduku, yeye anabaki na matroni. Mama yake yuko wilaya nyingine na nauli ya basi haipo. Mwaka wa kwanza alikuja mara mbili, mwaka wa pili mara moja, halafu akaolewa kwingine. Kwa hiyo naomba rasmi kwamba mtoto yeyote aliyezidisha miaka kumi katika hifadhi mnayoiita ya muda aingizwe kwenye orodha ya msamaha wa Rais. Kosa lake ni kuzaliwa, na nimepitia kumbukumbu zangu sioni kama lipo miongoni mwa makosa yanayomnyima mtu msamaha.

Najua utakachojibu: arudi wapi? Swali hilo ni la haki na sitalifanyia mzaha. Mwisho wa Mei 2024, kule Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana katikati ya Juni, na miongoni mwa watu tisa waliofikishwa mahakamani alikuwamo baba mzazi. Mahakama ina kazi yake, mimi siihukumu kesi. Lakini habari hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kwamba kumpakia mtoto kwenye basi na begi lake na kumwambia "nenda nyumbani" ni kumrudisha sokoni. Anahitajika mtu wa kutangulia. Afisa ustawi afike kijijini kabla, akae na bibi, na mjomba, na mwenyekiti wa kitongoji, ajue nani analala chumba gani na nani amekuwa akiuliza-uliza. Arudi tena baada ya mwezi, na tena baada ya msimu wa mavuno. Kazi hiyo inahitaji pikipiki, mafuta, na mtu anayelipwa kuifanya. Pikipiki hizo mnazo. Huwa naziona wakati wa mwenge.

Tuje kwa yule ambaye barua hii haimpongezi, kwa sababu bado hatujatambulishwa.

Mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu liliandika kwamba seti kamili ya viungo vya mtu mwenye ualbino ilikuwa ikitajwa kwa bei ya dola 75,000. Nimejaribu kumtafuta mwenye fedha hiyo kijijini kwetu. Mvuvi wa dagaa hana. Mchimbaji mdogo wa Geita, anayeshuka duarani kwa kamba akiwa amekopa hata tochi, hana. Mganga mwenyewe anaishi nyumba ya tope, na malipo yake mengine ni kuku. Ipo basi mifuko mizito mahali fulani, inanunua, na mwenye mfuko si mjinga asiyejua kusoma kama tunavyopenda kuambiana katika semina. Huenda anasoma vizuri kabisa. Huenda anasoma hotuba. Si mimi wa kwanza kusema: mwaka 2015, tulipokuwa tukielekea uchaguzi, Umoja wa Mataifa ulionya waziwazi kuwa msimu wa kampeni unaweza kuongeza hatari kwa watu hawa.

Sisemi hakuna aliyehukumiwa. Septemba 2009, kule Kahama, watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua kijana wa miaka 14, na hukumu nyingine zilifuata. Waliosimama kizimbani ni wakataji, wabebaji, majirani, ndugu, na waganga wachache. Mwaka 2010 Mkenya mmoja alimvusha rafiki yake mwenye ualbino kutoka Kenya hadi Mwanza kwa ahadi ya kazi, kumbe alikuwa anakwenda kumuuza akiwa hai, kwa bei inayopita dola 250,000. Alikamatwa, na haikupita wiki nyingi akapewa miaka 17. Kazi safi, Mheshimiwa, haki ya namna hii tunaweza tukitaka. Ila mteja aliyekuwa anamsubiri na fedha alikuwa askari aliyejifanya mnunuzi. Mpaka leo, katika biashara hii nzima, mnunuzi ninayeweza kukutajia bila wasiwasi wa kushtakiwa ni huyo tu, na alikuwa kazini.

Nisiwe mchoyo wa fadhila lakini. Mmefanya mengine. Januari 2009 mlifuta leseni za waganga wa kienyeji. Januari 2015 mkawapiga marufuku waganga, jambo lililonifundisha kwamba kitu kinaweza kukatazwa mara mbili bila kukoma hata mara moja. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alilia bungeni, na machozi yake siyadharau hata kidogo, walau aliona. Machi 2009 mkatuletea kura za siri. Wananchi tukapewa karatasi tuandike majina ya tunaowashuku kwa mauaji, na tukaandika. Nimewahi kupiga kura nyingi katika nchi hii na kila mara matokeo yalitangazwa kwa mbwembwe. Je, za safari ile zilihesabiwa na tume gani, na mshindi alikuwa nani?

Kuhusu waganga, sheria zetu ni mbili na hazisalimiani. Ya kwanza ni Sheria ya Uchawi, tuliyoachiwa na Mwingereza tangu 1928, inayomtafuta mtu kwa kosa la uchawi. Ya pili ni ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, inayompa mtu huyohuyo cheti, mradi ajaze fomu na asiandike neno "ramli". Mpiga ramli chonganishi wa kijijini hajazisoma zote mbili, lakini ameelewa vizuri kuliko wanasheria kwamba kati yake na sheria ipo nafasi ya kupitisha baiskeli.

Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitamka kwamba Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwemo haki yenyewe ya kuishi. Mahakama hiyo iko Arusha. Safari hii hata mabeberu wa kulaumiwa hawakupatikana. Shauri lilifunguliwa 2018, na mwaka uliofuata, kwa bahati tu bila shaka, Serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja mbele ya majaji wale. Waliowahi kuingia kabla mlango haujafungwa wakasikilizwa. Mwenye jeraha la mwaka jana aende wapi, bahasha yangu imeshashindwa kujibu.

Lakini jambo linalonisumbua kuliko yote ni baada ya hapo. Baada ya panga, baada ya kamera, baada ya mkuu wa mkoa kuja hospitali na katoni ya juisi. Aliyenusurika anaanza maisha yasiyo na bajeti. Watoto kadhaa wa Kitanzania waliokatwa mikono walisafirishwa hadi Marekani mwaka 2015, wakawekewa mikono ya bandia katika hospitali ya watoto huko Philadelphia, kwa fedha za wafadhili. Mwaka 2017 ikabidi wapandishwe ndege tena. Hakukuwa na ubovu wowote, ni kwamba mtoto anakua na mkono wa plastiki haukui. Pale Moshi, KCMC, inatengenezwa losheni kwa ajili ya ngozi hizi hizi, na ni msaada mkubwa, kwa kuwa saratani ya ngozi inawaua watu wenye ualbino wengi kuliko mapanga. Saratani haihesabiwi kuwa habari kwa sababu haina mshukiwa. Muulize mganga mfawidhi wa zahanati yoyote kule Ukerewe lini chupa ya mwisho ilifika, kisha umpe nafasi ya kucheka.

Darasani nako. Wengi wa watoto hawa wana uoni hafifu. Macho yanachezacheza, mwanga unayaumiza, ubao wa nyuma ya vichwa hamsini ni ukungu mtupu. Baraza la Mitihani linawafahamu: siku ya mtihani wa taifa linawachapia karatasi yenye maandishi makubwa. Ni utaratibu wa heshima, naupongeza kwa dhati. Siku nyingine zote mtoto anasogea mbele, anaambiwa anawaziba wenzake, anarudi nyuma, na mwisho wa muhula ripoti inasema "aongeze bidii". Na yule aliyeona mdogo wake akichukuliwa usiku? Hakuna mshauri nasaha. Yupo mwalimu wa zamu. Akipiga kelele usingizini anaandikwa kwenye daftari la utovu wa nidhamu.

Kila hotuba huishia na "elimu itolewe kwa jamii". Naunga mkono, ila imekuwa ikitolewa pasipo na mnunuzi wala muuzaji. Kila tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, tunavaa fulana, tunasikiliza ngonjera, na tunaelimishana sisi tuliokuja kwa hiari. Mwaka huu naomba mambo mawili. Turubai wapewe watoto, na meza kuu ikae juani mpaka mgeni rasmi afike. Halafu elimu ipelekwe wodi ya wazazi. Inakadiriwa nchini kwetu mtoto mmoja katika kila 1,400 huzaliwa na ualbino, na mimi naamini vita nzima tunaishinda au tunashindwa ndani ya saa moja pale wodini, mkunga anapomfunua mtoto mweupe mbele ya baba mweusi. Akisema mapema na kwa sauti kwamba jeni hii hutoka kwa wazazi wote wawili, kwamba mkeo hana kosa na huyu ni damu yako, mama ataondoka na mume. Akinyamaza, shangazi atasema badala yake, na aliyeachwa peke yake na mtoto ndiye mlinzi dhaifu kuliko wote. Kutoka wodini elimu ishuke mwaloni na machimboni, ikaseme kwa lugha ya huko kwamba unywele wa mtu mwenye ualbino uliosukwa kwenye nyavu haujawahi kuita hata furu mmoja.

Upo mpango kazi wa taifa kuhusu watu wenye ualbino, nimesikia uzinduzi wake, makofi yalikuwa ya kutosha. Nauliza tu fungu lake liko kwenye kifungu kipi cha bajeti, na ni nani atakayepigiwa simu Jumatatu asubuhi msichana aliyemaliza kidato cha nne akikabidhiwa begi lake getini, akiwa na miaka kumi na minane, bila kijiji kinachomkumbuka.

Nitashukuru kupata majibu, Mheshimiwa. Yasitumwe kwangu kwa posta. Yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule niliyoitaja, kwa maandishi makubwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi,
Mwanza.