Akiba Haiozi, Inalipuka

Mmarekani anayejijazia risasi gerejini anastahili pongezi. Huokota maganda matupu uwanjani pa shabaha, huyasugua, hupachika kiwashio kipya na kupima baruti kwa greni, 7,000 kwa ratili moja. Yote kwa ajili ya kubana matumizi! Ndiyo maana amenunua mashine, mizani na vitabu vya vipimo. Senti inayookolewa hufyatuliwa Jumamosi.

Sheria ya shirikisho, kwa busara zake, haimdai leseni maadamu hauzi. Leseni ni za watu hatari, kinyozi kwa mfano.

Kanuni za NFPA, chama cha kitaifa cha kinga dhidi ya moto, nazo zinamruhusu kuweka ratili 20 za baruti nyumbani. Zikizidi, hadi 50, ziwekwe kwenye sanduku la mbao. Mbao, kwa kuwa moto huziheshimu.