Niko Fildi

Jumatatu
Nimeripoti kwenye kampuni moja Gerezani na barua ya chuo yenye mhuri. Hakuna aliyekuwa akinisubiri. Barua imesomwa na meneja, mhasibu na kijana aliyeleta maji. Wa maji ndiye pekee aliyeniuliza nasomea nini.

Fundi Mkuu ameitikia shikamoo yangu huku akitazama raba zangu. "Kesho buti."

Saa nne umeme umekatika. Mafundi wamefungua bodi, wamekagua breka moja moja, wamebishana. Luku ilikuwa imekwisha. Hii ni kampuni ya umeme.

Jumanne
Buti ni za binamu. Zinabana.

Nimetumwa Kariakoo kununua nyaya. Karatasi ya fundi ilikuwa na namba tu. Muuza duka kauliza, "Za soketi au za taa?" Kabla sijajibu ameshanieleza kwamba taa ni milimita za mraba 1.5 na soketi ni 2.5, na kwamba fundi anayefunga soketi kwa 1.5 humrudia akitafuta soketi nyingine. Somo hilo nililisoma muhula mzima. Daftari la fildi halina mahali pa sahihi ya muuza duka.

Jumatano
Upanga, jengo la zamani, fezi tatu. Fundi Mkuu kaniuliza rangi. Nikazitaja kama zilivyo kwenye noti: kahawia, nyeusi na kijivu zina moto, bluu ni nyutro, kijani yenye njano ni ethi. Ameniacha nimalize.

Kisha ameigusisha testa kwenye soketi aliyojua ina umeme, ikawaka. Akaigusisha kwenye bluu, ikawaka pia. Akairudisha kwenye soketi kuhakikisha bado nzima. Jengo hili limefungwa kwa rangi za kale: nyekundu, njano na bluu ndizo zenye moto, nyeusi ndiyo nyutro. Bluu na nyeusi zimebadilishana kazi, na jengo halikupewa taarifa.

"Dogo, rangi inakwambia fundi aliyepita alikuta nini dukani. Pima."

Mama mwenye nyumba ametupa chai, kisha akanilaumu kwa bili zote tangu ahamie.

Alhamisi
Mvua. Tumetafuta ngazi. Jirani aliiazima Pasaka. Daftarini nimeandika: "Nilishiriki shughuli mbalimbali za kiufundi."

Ijumaa
Msimamizi wa chuo amekuja kunikagua. Nilikuwa juu ya ngazi (imerudi, imepungua kipago kimoja), hivyo amekagua daftari. Amesifu mwandiko. Amemuuliza Fundi Mkuu maendeleo yangu.

"Sasa anapima kwanza."

Msimamizi ameipitia fomu juu hadi chini. Kuna mahudhurio, usafi, nidhamu na mavazi. Jibu hilo ameliandika kwenye "Mengineyo", ambako kulibaki kastari kamoja.

Alipokwenda kwenye gari nikadhani anaondoka. Amerudi na pasi mbovu. Fundi Mkuu amemwonyesha rafu: birika la meneja, feni ya mhasibu, redio ya kijana wa maji. Apange foleni.