Mjerumani wa Mjomba

Tabora kila mtu ana Mjerumani wake. Wa jirani alifukia sanduku chini ya mwembe, wa fundi cherehani aliacha dhahabu kisimani, na wa mjomba wangu, kwa bahati njema, alizika mali yake ndani ya shamba la mjomba mwenyewe, kati ya mihogo na reli.

Hadithi hizi hazikuzuka hivihivi. Mwaka 1916, meli za Waingereza zimeifunga pwani na fedha hazifiki tena kutoka Ujerumani, Wajerumani waligonga sarafu zao hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Za chenji walizitengeneza kwa shaba ya aina yoyote waliyoipata, maganda ya risasi yakiwemo. Lakini za rupia 15 zilikuwa za dhahabu ya Sekenke, upande mmoja tembo kainua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka 16,000 na ushei. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini na Wajerumani wakaondoka. Mjomba anaamini kwa moyo wake wote kwamba waliondoka mikono mitupu.

Basi detekta, mashine ya kunusa metali ardhini, aliinunua Nzega kwa mchimbaji mdogo aliyekuwa anaacha kazi, jambo ambalo peke yake lingemtia mtu mwingine mashaka. Ilikuja na hedifoni za kuvaa masikioni. Mjomba alipozivaa hakusikia tena kitu kingine chochote, hivyo akawa anatoa siri zake kwa sauti ya mnada: "MPWA! CHIMBA HAPA! WATU WASIJUE!"

Watu walikuwa wameshakaa kwenye ukingo wa shamba. Mama mmoja alikwisha fungua biashara ya karanga.

Mimi ndiye niliyeshika jembe, maana katika ukoo wetu mpwa aliye likizo ni mali ya umma. Na jembe lenyewe lilikuwa tatizo la kwanza: kila nikilisogeza, mashine inalia. Tukalitupa mbali, nikachimba kwa mti uliochongwa. Mashine ikaendelea kulia. Ikawa ni mkanda wangu wa suruali. Nikauvua, nikawa nachimba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika suruali, na biashara ya karanga ikachanganya.

Ardhi ya Tabora ina chuma, sikatai. Ilitupa vizibo vya soda vya kila zama, misumari, sehemu ya baiskeli, mfuniko wa sufuria ambao mke wa mjomba aliutambua papo hapo na kudai maelezo, na boliti nene ya reli ambayo mjomba aliipangusa kwa shati, akaibusu, kisha akaitazama vizuri. Mashine haichagui. Kwake kizibo na rupia ya dhahabu ni kelele tu. Tofauti anaijua aliyeinama.

Mwenyekiti wa mtaa alifika adhuhuri na daftari lake. Mjomba akamwamkia kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake. Mwenyekiti akauliza kama tuna kibali, kwani Sheria ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, haimruhusu mtu kuamka tu na kuchimbua vitu vya kale. Mjomba akajibu kwamba tunachimba shimo la taka. Mwenyekiti akatazama detekta, akanitazama mimi na suruali yangu, akaandika kitu, kisha naye akanunua karanga na kukaa.

Ndipo ikatoka. Duara ndogo ya kijani, tundu katikati. Shamba zima likasimama. Mjomba akaitemea mate, akaisugua, akasoma kwa taabu herufi tatu: R, E, X. "Rex!" akapiga kelele, hedifoni bado masikioni. "NDIYE MJERUMANI MWENYEWE!"

Mzee mmoja mstaafu wa reli aliomba aione. Alivaa miwani bila haraka, kama mtu anayekagua tiketi. "Hii ni senti kumi," akasema. "Ya Mwingereza. Mwaka 1936, Mfalme Edward wa Nane." Akaeleza kwamba mfalme huyo aliachia kiti mwaka uleule, hata taji hakuvishwa, lakini senti zake za Afrika Mashariki zilishagongwa. Kwangu hiyo ilikuwa hazina: mfalme wa miezi michache, kafukiwa kwenye mihogo ya Tabora! Mjomba aliuliza inauzwaje. Mzee akamwambia zipo nyingi sana, na bei yake haizidi sana bei ya karanga alizokuwa anatafuna.

Mnadhani yaliishia hapo. Kufika jioni, ile senti ilikuwa imefika sokoni ikiwa sanduku. Asubuhi wakaja wa mchango wa harusi, wakafuata wa bati za madrasa, kisha kijana aliyekuwa na ramani ya kutuuzia, yenye mishale, fotokopi bado ya moto. Mjomba aliwaonyesha wote ile senti moja. Wakacheka kwa heshima. "Hiyo ni ya kuonyeshea, mzee," wakasema. "Tunaelewa."

Mama mkwe wake alipiga simu kutoka Urambo. Hakuuliza kama tumepata. Aliuliza kama lori la kubebea limeshapatikana, na akaomba fungu lake lisichanganywe na la dada yake.