Thibitisha Wewe Si Roboti

Tunaambiwa huduma zimehamia mtandaoni, mkazi wa Boko, Dar es Salaam, asisote tena kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Vyema. Ila asiyeona akifungua tovuti, programu inayomsomea skrini humtajia "kitufe, kitufe, picha", kwa kuwa fundi hakuvipa majina. Kisha huamriwa achague picha zenye taa za barabarani, athibitishe kuwa si roboti. Utetezi ni kwamba watu wenye ulemavu ni wachache na gharama ni kubwa. Lakini Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Ama gharama, kuandika "Lipia" kwenye kitufe ni neno moja. Aliyeshindwa hilo ndiye athibitishe kuwa si roboti.