Waranti na Chai ya Tangawizi

Kijana wa kaunta aliiinua kompyuta mpakato yangu, akaisogeza puani mbele ya foleni nzima, akauliza kwa sauti ya kutangaza msiba: "Hii chai ilikuwa na tangawizi, mzee?" Mzee! Nyuma yangu mama mmoja akaguna. Nikajibu kwamba pengine ni unyevu tu wa Dar. Hakubishana. Alifungua skrubu za kifuniko cha chini, akanionyesha kibandiko kidogo kama punje ya mchele, ambacho kilitoka kiwandani kikiwa cheupe. Sasa kilikuwa chekundu. "Waranti haipo tena," akasema. "Anayefuata!"

Chai yenyewe ilikuwa ya shemeji. Alikuwa akisimulia mpira, na shemeji husimulia mpira kwa mikono. Penalti ilipopigwa, kikombe nacho kikaenda. Sijaugusa hata waya wa chaja, mama mkwe alishafunua ndoo ya mchele wa Kyela na kuizika mashine humo. "Mchele unanyonya maji," akasema, na nani ambishie mama mkwe? Mchele haufiki kwenye chai iliyokwisha kuingia chini ya kibodi. Unachoacha ni unga kwenye matundu. Punje moja ilikutwa kwenye feni. Kesho yake mchele ule ule ukapikwa, kwa kuwa chakula hakitupwi, tukala wali unaonukia chai.

Nilichojifunza baadaye kimeninyima usingizi kwa utamu wake. Maji matupu siyo muuaji! Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Vinavyoupitisha ni chumvi na madini yaliyoyeyuka humo, na chai ya maziwa imesheheni. Umeme ukiwa bado unatembea, shaba ya kwenye bodi huyeyuka upande wa chanya, ikasafiri ndani ya tone la chai hadi upande wa hasi, ikajijenga huko vijitawi vinavyorefuka mpaka viunganishe njia mbili zisizopaswa kukutana. Yote hayo ndani ya tone moja. Na kuzima tu hakutoshi, maana betri huendelea kulisha baadhi ya sehemu mashine ikiwa imezimwa. Ndiyo maana fundi wangu wa Kariakoo alichomoa betri hata kabla hajaitikia salamu, kisha akasugua bodi kwa mswaki na spiriti ya isopropili. Chai ikiachwa ikauke yenyewe, sukari na madini hubaki palepale, vikila shaba polepole kila hewa inapokuwa na unyevu.

Lakini kile kibandiko! Watu wenye akili walikaa wakatengeneza karatasi inayojua kwamba imelowa, wakaiweka ndani ya mali yangu ije initolee ushahidi. Haikati umeme, haipigi kengele. Ujuzi wa kuokoa upo: ThinkPad nyingi zimetobolewa matundu ya kutolea maji chini ya kibodi. Kwangu waliona kibandiko kinatosha. Huo ni ubahili, na mimi ndiye niliyeulipia.



Mashine inawaka, ila herufi A imegoma, na Kiswahili bila A hakiandikiki; haya nimeyaandika kwa kibodi ya kuazima. Yako ikilowa, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, igeuze kibodi iangalie chini, na usiiwashe "kuonja" kabla fundi hajaifungua. Mchele upike.