Mkia wa Trela

Mwenzangu uliyeoa kwenye ukoo wa watu wenye maoni, sogea hapa tuliwazane. Wengine someni mcheke tu, nimeshazoea.

Tunaishi Minnesota, nje kidogo ya Minneapolis, ambako kila kiangazi watu wenye nyumba nzuri hukokota vijumba vingine wakalale navyo porini, tena kwa hiari yao. Mke wangu, ambaye humu ndani anaitwa Kamanda na jina amelipenda, akasema na sisi tununue trela la kulala. Mimi nilitaka hoteli. Tukajadiliana kwa uhuru kabisa, kisha tukanunua trela.

Ni la mtumba. Lina vitanda, jiko la gesi, na sinki ambalo binti yetu mkubwa, Mwanasheria, amelifanya kabati la viatu. Gari la kulivuta ni hili hili letu la familia, la milango ya kuteleza, ambalo kitabu chake kinasema linaweza kuvuta kilo 1,588. Trela tupu haligusi kiwango hicho. Lakini tangu Mama Mkwe atue kutoka Tanga, hakuna kitu kinachokaa tupu katika nyumba hii.

Mama ana roho nzuri mno. Watoto, akiwa hayupo, humwita Bi Kontena. Kwake yeye, kwenda kulala kando ya Ziwa Superior bila mbuzi ya kukunia nazi, mchele wa gunia, na sufuria la pilau la kutosha hitima, ni kuwanyima watoto chakula makusudi.

"Baba, huko kuna maduka?" akaniuliza.

"Yapo, Mama."

"Yanauza kinu?"

Kinu kikapakiwa. Kilikuja naye kwa ndege, na yaliyotokea uwanjani nitakusimulia siku Kamanda akiwa safarini.

Tulipolifunga trela, gari likachuchumaa, taa za mbele zikawa zinamulika matawi ya miti. Chuma cha kuvutia kikaning'inia shubiri moja tu kutoka kwenye lami. Hesabu yake ni hii, na wauzaji huipitia mbio: trela linalovutika salama hulaza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake juu ya kile chuma. Letu, pamoja na mahitaji ya Mama, lilikaribia kilo 1,300. Basi kilo 130 hadi 195 zilikuwa zimekalia makalio ya gari, nyuma kabisa ya ekseli, na ndani tumo sisi wote na vitafunwa vyetu.

Tukakwaruza tukitoka nyumbani. Tukakwaruza tukiingia sheli. Marekani huna matuta mengi ya kukuvunja shingo kama barabara ya Segera kule Tanga, ila kati ya barabara na sheli kuna mfereji wa maji ya mvua, na magurudumu yakishazama mle, chochote kinachoning'inia nyuma yake kinasaga lami. Watu wote waliokuwa wakijaza mafuta waligeuka. Kitinda mimba wetu, Bwana Kwa Nini, akashusha kioo ili awasikilize vizuri.

Hapo ndipo alipojitokeza Shemeji Injinia, mdogo wake Kamanda. Anafanya kazi ya kompyuta, kwa hiyo magari anayajua. "Shemeji, hiyo fizikia ndogo tu," akasema, na kinu, mchele na masufuria vikahamia kitanda cha nyuma kabisa cha trela. Nyuma ya gari ikainuka, akapigiwa makofi. Tulipoingia barabara kuu ya kwenda Duluth, lori moja likatupita, na trela likaanza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli ya trela, pua yake inakuwa nyepesi, na upepo kidogo tu unalipeleka unakotaka. Nikaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, Mama akasoma Ayatul Kursi yote, na Bwana Kwa Nini akaomba turudie.

Injinia hakufadhaika. Akarudisha mizigo mbele, akapandisha kile chuma juu zaidi. Sasa gari likapona, likaugua trela: pua juu, mkia chini, na mfereji wa sheli ukaanza kula bampa la nyuma la trela. Trela linatakiwa livutwe likiwa mlalo. Nilipomwambia, akanionyesha picha za Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliyeongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town mwaka 1959 mpaka wakapaki kwenye piramidi za Giza. "Hawa walipita wapi, Shemeji, na sisi tunashindwa na sheli?"

Mama akaziangalia picha kwa makini. "Hawa hawana kinu," akasema.

Jirani yetu mzee, fundi mstaafu, ndiye aliyesema tupime kwanza. Unachukua ubao imara, mwisho mmoja unalala juu ya kipande cha bomba, mwisho wa pili juu ya mizani ya bafuni. Pua ya trela unaikalisha kwenye theluthi ya ubao upande wa bomba, kisha unachosoma kwenye mizani unazidisha mara 3. Mizani Kamanda alikuwa ameificha, na alipotoka nayo alinionya nisizoee.

Tukatia mifuko ya hewa ndani ya springi za nyuma. Inainua gari vizuri, ingawa uzito haiurudishi mbele. Vile vyuma vya springi vinavyourudisha, kitabu cha gari letu kimevikataza, na Kamanda hukisoma kitandani. Chini ya mkia wa trela tukachomelea vigurudumu vya chuma, viviringike badala ya bampa kusagika. Mifereji sasa tunaikata mshazari, polepole, na wanaosubiri nyuma yetu wanapiga honi.

Bado ilibidi kupunguza mzigo, maana gari lina kiwango chake cha kubeba na watu wamo katika hesabu hiyo. Kikao kikaitwa. Mwanasheria akapima kila kitu, na kila mtu. Fimbo zangu za kuvulia zikabaki nyumbani, kiti changu cha kukunja kikabaki, halafu akasoma kilo zangu kwa sauti mbele ya Mama Mkwe.

Siku hizi Kamanda ndiye dereva. Mimi nafuata nyuma kwenye kigari cha Injinia, kinu katikati ya magoti, na kazi yangu ni kutazama mkia na kupiga simu tukikaribia sheli. Simu huipokea Mama. Huniuliza kinu hakijapata ufa, kisha hukata.